Tuliomba nganda ifungwe, wakafunga na mama wa mikate

Wandugu wasomaji, ninaanza na kosa yangu mwenyewe, ili mutu asiseme kama nimeshika kalamu juu ya kushitaki wengine tu.

Mwaka uliopita, mimi na majirani wa avenyu yetu tuliandika barua ku komini. Kulikuwa nganda moja, nyumba tatu kutoka kwangu. Muziki ilikuwa inaanza saa kumi ya mchana na inaisha wakati majogoo yanawika. Mimi ninafanyaka kazi ya posti: juma moja asubui, juma moja mangaribi, juma moja usiku. Mutu wa posti ya usiku anarudi ku nyumba saa moja ya asubui, macho mekundu, na anapashwa kulala mchana. Kama ni juma ya posti ya asubui, anaamuka saa kenda na nusu ya usiku, juu basi ya kazi inapita saa kumi na nusu. Sasa utalala wakati gani, na ile bafle inakupiga ku kichwa? Mwenzetu mumoja alisinzia mbele ya mukanda wenye kubeba mawe. Ni Mungu tu alimushika mukono. Basi tukatia sinyature. Ya kwangu ilikuwa ya pili ku karatasi.

Miezi ikapita, komunike ikatoka. Tuliifurahia, mpaka siku tulisikia yote yenye ilikuwa ndani. Ilifunga nganda zote kuanzia saa tatu ya usiku. Ikakataza mutu yeyote kutembea kuanzia saa ine ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubui, "bila sababu yenye kueleweka". Ikakataza kuuza chakula pembeni ya barabara mu masaa hayo. Na ku mwisho kulikuwa kipande chenye hatukuomba hata kidogo: wanawake na wabinti wasivae nguo "zenye kuaibisha". Nani atapima ile aibu, na kwa kipimo gani, komunike haikusema.

Juma ya pili, wakamukamata mama wa mikate.

Nyinyi wote munamujua, hata kama hamukai ku avenyu yetu, juu kila kituo cha basi ya kazi kiko na wake. Anawasha moto saa nane ya usiku. Saa kumi kamili ameisha kufika na beseni ku kichwa. Sisi wa posti ya asubui tunakula kwake mikate mine, mitano, na chai ya moto, kisha tunapanda basi. Bila yeye tunaingia ku kazi na tumbo wazi. Bwana yake alikuwaka mufanyakazi kama sisi, wakamutosha. Watoto wane wanasoma juu ya ile beseni.

Polisi wakamukuta mu njia. Wakasema anatembea saa yenye kukatazwa. Wakasema tena anauza saa yenye kukatazwa. Na walipoona kama alivaa pantalo chini ya kikwembe, wakaongeza kosa ya tatu. Ilikuwa mwezi wa sita. Baridi ya Katanga ya mwezi wa sita, saa kumi ya usiku, mwenye anaijua anaijua. Wakamupeleka kasho. Alitoka saa ine ya asubui, kisha kulipa franga elfu makumi tatu. Karatasi ya malipo, hapana. Mikate ilibaki kule, na hakuna mwenye aliuliza nani aliikula.

Siku ya tatu nilimukuta ku kituo. Nilitaka kumupa pole. Akaniangalia, akasema: "Papa, banasema njo mweye mulisaini."

Sikukuwa na jibu. Haya maandiko ndiyo jibu yenye ninatafuta.

Kelele inapita ukuta, pantalo haipiti

Siko mu wale wenye kusema kama kila mutu afanye yenye anataka. Sisi watu wa migodi tunajua kanuni kuliko wengine. Ku mulango wa kazi tunapulizia ku kamashini kenye kupima pombe, na hakuna mwenye akili anakataa. Mwenye kuendesha kamyo kubwa ya mawe akiwa amelewa, hajiui yeye peke. Kaske ku kichwa, viatu vya chuma, mukaba wa kujifunga kama unapanda juu: hakuna mutu anasema hiyo ni utumwa. Jiwe ikianguka haiulizi kwanza mawazo yako.

Na ku kartye ni vile vile. Mwenye kupika lutuku mubaya na kuuzia wachimbaji ku karyere, anaua watu. Mwenye kuingiza mutoto mu nganda, sheria imuone: loi 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema mutoto ni kila mutu mwenye hajafikisha miaka 18, na inamulinda. Kutuma mutoto mu shimo ya kuchimba, vile vile: sheria ya migodi inapana karte ya muchimbaji wa mikono kwa mutu mukubwa tu, mwenye kuwa Mukongomani. Hapo sina shida. Hata barua yetu juu ya nganda, sijutie yote. Kelele ilikuwa inatoka mu kiwanja cha mutu, inapita ukuta, inaingia mu kitanda changu. Nilikuwa na haki ya kusema.

Lakini pantalo ya mama wa mikate ilipita ukuta gani? Iliingia mu kitanda cha nani? Beseni ya mikate saa kumi ya usiku ilizuia nani kulala? Hapa ndipo ninaona mupaka. Kama mwenendo wa mutu unaumiza mwenzake, wakubwa wapange kanuni, tutaifuata. Kama haumuumizi mutu, hata kama haunipendeze mimi, mukubwa wa komini hana kazi nao. Mimi mwenyewe sipendi wabinti wavae nguo fupi sana. Ninamwambia binti yangu, kama baba. Pengine ananisikia, pengine hanisikii. Lakini sitaki polisi afanye kazi yangu ya ubaba kwa kumushika binti ya mwengine mukono mu barabara, usiku, mbele ya wanaume wanacheka.

Wazee wetu walishakula ile sheria

Wengine watasema: lakini mbele watu walikuwa na adabu, juu kulikuwa amri. Tuangalie basi ile "mbele" ilikuwa namna gani.

Mu kampi za Union Minière, kampuni ilikuwa inatoa nyumba, posho, dawa na masomo. Na mukubwa wa kampi, ule wazee walimwitaka Tshanga-Tshanga, alikuwa anaingia mpaka mu mambo ya ndani: nani analala mu nyumba, mugeni amekuja kwa ruhusa ya nani, bibi ni wa ndoa ao hapana, lupango imefagiliwa ao haikufagiliwa. Ba mama walifundishwa ku foyer kushona, kupika na kupanga nyumba vile Wazungu walitaka. Mu miji, mutu mweusi hakuweza kutembea usiku mu kartye ya Wazungu bila karatasi. Pombe kali ilikatazwa kwake, lakini si kwa Muzungu. Na hata mwenye alisoma, kama alitaka ahesabiwe karibu na Muzungu, walimupimaka: mu 1948 wakaleta karte ya mérite civique, mu 1952 ile ya immatriculation, na watu wa komisyo walifika mu nyumba kuona namna familia inakaa na inakula. Mutu muzima, baba ya watoto, anaangaliwa namna anashika kanya ku meza!

Kisha uhuru, ikakuja Zaïre. Mu 1972 majina ya ubatizo ikakatazwa. Wanaume wakaondolewa kravati, wakavalishwa abacost. Ba mama wakakatazwa pantalo, peruki na jupe fupi. Kravati ilirudi kisha hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 mwezi wa ine 1990, na watu wengine waliitosha mu sanduku siku ile ile. Ninauliza: miaka yote ile bila kravati, wizi ulipunguka ku Zaïre? Miaka yote ile bila pantalo ya wanawake, mishahara ilifika ku tarehe? Tuliishi namna tuliishi. Nguo ilikuwa safi kwa macho ya serkali, na nchi ilikuwa inaoza ndani.

Tena kuko tofauti moja yenye lazima niseme, hata kama haitafurahisha wakubwa wa leo. Mu kampi, Tshanga-Tshanga alikuwa anakusumbua, lakini posho ilikuwa inakuja. Lopitalo ilikuwa. Masomo ilikuwa. Haikufanya utumwa kuwa haki, hapana, lakini kulikuwa kitu ku mukono wa pili. Leo sheria inakuja bila posho. Barabara ya kwetu iko giza, taa hakuna, maji inatoka siku mbili mu juma. Serkali yenye haijafika na poto ya taa, imefika na kipimo cha nguo.

Hata haiko mbali. Mu 2020, wakati wa Covid, tulikubali mengi. Nganda, makanisa na masomo vilifungwa mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi na mbili wakaweka marufuku ya kutembea usiku kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na moja, inchi muzima. Na sisi wa migodi tulikuwa na yetu: wafanyakazi wengi walifungiwa ku kazi, wanalala kule kule, wengine miezi miwili na zaidi, bila kuona bibi na watoto. Tulisema ni ugonjwa, tuvumilie. Ugonjwa unapita mutu mumoja na kushika mwengine, kwa hiyo kulikuwa sababu. Lakini tulijifunza kitu: mulango ukisha kufungwa, mwenye alifunga hana haraka ya kufungua. Na mwenye kuumia kwanza si mwenye kutoa amri.

Sheria bila kipimo iko na bei

Turudi ku komunike yetu. "Sababu yenye kueleweka", yenye kueleweka kwa nani? "Nguo yenye kuaibisha", inaaibisha nani? Maneno kama haya, wandugu, hayana mupaka, na sheria yenye haina kipimo iko na bei. Bei inapangwa mu barabara, usiku. Inategemea simu yenye uko nayo mu mukono. Inategemea kama unajua mukubwa fulani. Inategemea kama ni mwisho wa mwezi.

Ninawapa mufano wangu. Juma yenye ilifuata ile ya mama wa mikate, nilirudi posti ya mangaribi, basi ikatushusha saa tano ya usiku. Patrui ikatusimamisha. Nilikuwa na koti ya kazi, ile yenye mistari inangaa. Polisi akamulika na tochi, akaona koti, akasema: "Pita, papa wa mine." Sikulipa hata franga moja. Karte ya kazi hakuiomba.

Nilifika ku nyumba nikiwa ninajiuliza. Mimi ninarudi ku kazi, ninapita. Mama anaenda ku kazi, anafungwa. Kazi yake inanilisha mimi mbele niende ku kazi yangu. Tofauti yetu ni koti. Yeye hana kampuni yenye itamuandikia barua kama "huyu ni wetu". Ule mwenye kuuza mayai ya kutokota ku mulango wa karyere hana. Muchimbaji wa mikono mwenye anatoka mu shimo usiku, hana. Mulinzi wa lupango mwenye analipwa bila karatasi, hana. Komunike ilisema "mutu yeyote", lakini mu barabara inatafuta wale tu hawana koti.

Na wale wenye magari kubwa, wenye wanakunywa mu mahali penye ukuta murefu na walinzi ku mulango mpaka saa sita, saa saba ya usiku? Sijasikia mumoja mwenye alilala kasho. Kama nganda ya mbao inafungwa saa tatu na ile ya vioo inabaki wazi, basi si usingizi wetu wenye wanalinda.

Katiba inasema nini

Mimi si avoka. Lakini Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 ni yetu wote, na mutu anaweza kuisoma.

Kifungu cha 17 kinasema uhuru wa mutu ndiyo kanuni, kufungwa ni kwa shida tu, na mutu hawezi kushikwa wala kufungwa isipokuwa kwa sheria na kwa namna yenye sheria inapanga. Kifungu cha 18 kinasema mwenye kushikwa aambiwe mara moja sababu, kwa luga yenye anasikia, na polisi haiwezi kumuweka kuliko masaa 48. Kifungu cha 29 kinalinda nyumba ya mutu. Kifungu cha 30 kinasema kila mutu mu inchi anatembea kwa uhuru, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 122 kinaweka mambo ya makosa na malipizi mu mikono ya loi, maana yake mu mikono ya Bunge. Kwa mawazo yangu basi, komini inaweza kupanga usafi wa soko, kelele, mahali pa kutupa takataka. Lakini haiwezi kuamuka asubui moja na kuzaa kosa ya mupya juu ya mwili wa mutu.

Kuko tena jambo la luga. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinaitaja Swahili kuwa luga ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinasema serkali itangaze kila loi kwa Kifaransa na kwa hizi luga ine. Kama ni vile kwa loi ya Bunge, kwa nini komunike ya komini, yenye inashika watu wa kartye, inabandikwa ku ukuta kwa Kifaransa tu, ku karatasi moja yenye mvua itaosha? Mama wa mikate alivunja sheria yenye hakuna mutu alimusomea.

Na juu ya wanawake, tukumbuke. Sheria ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 ilikuwa inamuomba mwanamuke wa ndoa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kujifunga na makubaliano ya sheria. Loi 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ile ruhusa. Bunge lilifungua ule mulango. Leo mama wa ndoa anafanya biashara yake bila kuomba bwana. Sasa amuombe polisi?

Maulizo ine

Yenye ninapendekeza ni rahisi. Kila mara amri ya mupya inatoka, tuiulize maulizo ine.

Ya kwanza: huu mwenendo unaumiza mutu gani? Kama jibu ni "unaharibu sura ya muji", hiyo haitoshi. Mutu aonekane mwenye anaumia: mutoto, jirani mwenye halali, mugonjwa, mwenye kupita mu barabara.

Ya pili: kipimo ni gani? "Muziki isisikike inje ya kiwanja kuanzia saa tatu", hicho ni kipimo, hata mutoto anaweza kukijua. "Nguo ya aibu", hicho si kipimo.

Ya tatu: feza inaenda wapi? Amande bila karatasi yenye kashe ya serkali, hiyo si amande.

Ya ine: inamushika mukubwa kama inavyomushika mudogo? Kama nganda yetu inafungwa, ile yenye vioo ifungwe. Kama inatuliza kelele ya nganda, itulize na ya kanisa lenye bafle inje usiku kucha, hata kama pasta ni rafiki ya mukubwa. Nami ni mukristo, ninasema vile.

Ninajua majibu ya upande wa pili. Watanambia: kuko wizi usiku, kuko vijana wenye mapanga, watu wabaki mu nyumba. Hiyo ni neno ya kweli, siichekee. Ku kartye yetu walivunja nyumba mbili mwaka huu. Lakini mwenye panga hasomi komunike. Usiku wenye watu wema wote wamefungiwa mu nyumba ni usiku wake muzuri sana. Mwenye alikuwa anaona barabara saa kumi ya usiku alikuwa nani? Mama wa mikate, na moto wake, na sisi tunangojea basi. Kwa usalama wetu, taa tatu ku ile njia zingefanya kazi kuliko kasho. Na patrui yenye inatafuta pantalo, wakati ule haitafuti panga.

Watanambia tena: mila yetu. Mila ninaiheshimu. Lakini mila ilikuwa inafundishwa na shangazi, na bibi muzee, na wajomba, kwa maneno na kwa kurudia. Mutu akikosa aliitwa, akaketi, akasikilizwa. Mila haikukuwa na kasho ya franga elfu makumi tatu.

Barua ya pili

Basi tumeandika barua ya pili. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kutuma ombi kwa mukubwa wa serkali, na mukubwa anapashwa kujibu mu miezi mitatu. Kinasema tena kama mutu hawezi kushitakiwa juu ya kutuma ombi. Ninawaomba mukikumbuke kile kifungu, juu watu wengi wanaogopa kutia jina.

Mu barua ya kwanza tulifanya kosa: tuliomba "hatua kali". Mwenye kuomba hatua kali asishangae hatua zikianguka ku mugongo wa mwengine. Mara hii tumeandika maneno wazi. Kelele kisha saa tatu ya usiku ibaki imekatazwa, kwa nganda zote na makanisa yote. Mutoto asiingie nganda. Marufuku ya kutembea iondoke, juu muji wa posti haulalake pamoja: kila saa kuko mutu anaenda ku kazi ao anarudi. Wauzaji wa chakula wa kituo cha basi waachwe. Mustari wa nguo utoke wote. Na komunike ya mupya isomwe kwa Swahili, ku redio ya hapa na ku kila shefu wa kartye.

Tumepeleka kopi kwa delege wa sendika, juu kama wafanyakazi wanakula mikate yake, basi jambo lake ni la wafanyakazi vile vile. Na ku komini zenye zilichagua wakonseye mwezi wa kumi na mbili 2023, watu wasiende kwao siku ya kampanye tu. Kazi yao ni hiyo: kuuliza mukubwa, mbele ya watu, amri hii ilitoka wapi na inasaidia nani.

Barua ilipokuwa tayari, nilimupelekea mama wa mikate mbele ya wengine. Aliisomesha mutoto wake wa kwanza, mustari kwa mustari, kwa sauti. Ku ile ya nguo akacheka kidogo. Kisha akauliza: "Na franga zangu?" Nikamwambia ukweli: pasipo karatasi ya malipo, sijui nani atazirudisha. Akanyamaza. Akafuta mafuta ku vidole, akatia sinyature ku mustari wa kwanza. Ya kwangu, tena, ni ya pili.

Jibu haijafika. Miezi mitatu haijaisha. Sasa hivi anauza akiwa amejificha nyuma ya ukuta wa duka, bila taa, mpaka aone mwangaza wa basi. Hii juma niko posti ya asubui. Ninanunua mikate yangu mine mu giza, ninalipa, hatuongee sana.

Wandugu, kama ku kartye yenu amri imetoka yenye kukataza kitu chenye hamupendi, muisome mpaka mustari wa mwisho mbele ya kupiga mikono. Sisi tulipiga mikono ku mustari wa kwanza.